Udon ya Kagawa: kwa nini ukiila kwingine haiwi ile?

#1 Mwana_Uluguru (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Nipo Okayama, Japani, nasoma. Ng'ambo ya bahari yetu kuna kisiwa cha Shikoku, na kwenye kisiwa hicho kuna mkoa wa Kagawa, mdogo kuliko mikoa yote ya Japani. Zamani uliitwa Sanuki. Chakula chao ni udon, tambi nene nyeupe za ngano, na wanaila asubuhi, mchana, msibani na harusini. Mwaka 2011 mkoa ulijitangaza kwa watalii kuwa ni "Mkoa wa Udon".

Jumamosi nilipanda Marine Liner, treni inayovuka daraja la Seto, na kabla saa haijaisha nipo Takamatsu. Nikahamia treni ndogo ya Kotoden, nikashuka kituo ambacho sikuwa nakijua, nikatembea kati ya mashamba ya mpunga. Nyumba ya bati, mlangoni pazia fupi la kitambaa, dirishani mvuke unatoka, foleni imefika kwenye maegesho. Saa tatu asubuhi! Ndani mzee mmoja anasukuma donge kwa mti mrefu, analikunja kama shuka, analikata. Mama wa kaunta ananiuliza neno moja tu: ngapi? Nikaonyesha vidole viwili. Akanipa bakuli lenye mafungu mawili ya tambi, akaninyooshea kidole kwenye sufuria la maji ya moto. Kumbe unazichovya mwenyewe kwenye kichujio chenye mpini, unahesabu kama kumi, unakung'uta, unarudisha bakulini, halafu unafungua bomba la mchuzi kama la maji ya kunawa. Juu majani ya kitunguu, tangawizi ya kusaga na chenga za tempura, ule unga wa majimaji wanaokaangia vyakula. Nililipa yeni 400 na kitu.

Ile tambi ukiiuma inashindana na meno kidogo, halafu inaachia. Wao wanaita *koshi*. Nje inateleza, ndani imekaza, na wala si mbichi.

Swali langu: nimekula udon Okayama, Osaka na Tokyo. Hapa mtaani kwetu kuna duka limeandika "Sanuki" mlangoni. Haifanani. Ni bahari nyembamba tu inatutenga! Siri ni nini? Unga, maji, chumvi au mkono?

#2 Mzee_wa_Uzi
Nimekaa mstari wa mbele, chai ninayo. Wajuzi waje.

#3 KijanaWaKisumu
Sasa wote. Niko Osaka mwaka wa sita. Jibu ni rahisi: maji. Kule Kagawa wana maji yao ya milimani, ngano inayapenda. Ni kama chai ya Kericho, ukiipikia na maji ya chumvi ya Lamu haiwi ile.

#4 Fundi_Maji
@KijanaWaKisumu hapo umepotoka, ndugu yangu. Kagawa haina hayo maji ya milimani. Ni mkoa mkavu. Milima ya kaskazini, ng'ambo ya bahari, na milima ya kusini inazuia mvua pande zote mbili. Wanapata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na mito yao ni mifupi, maji yanakimbilia baharini kabla hujayashika. Ndiyo maana wana mabwawa ya kumwagilia zaidi ya 12,000 kwenye kamkoa kale. Ukiwa kwenye ndege ya kutua Takamatsu unaona vioo vimetapakaa ardhi nzima.

Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yao inatoka mto Yoshino kwa mfereji, yanachukuliwa kwenye bwawa la Ikeda, mkoa wa Tokushima. Kwa hiyo udon yako ya Sanuki inachemshwa kwa maji ya jirani. Mwaka 1994 kulikuwa na ukame mbaya, Takamatsu walipata maji saa chache tu kwa siku. Udon inakunywa maji: ya kuchemshia, ya kusuuzia, ya kupozea. Kila ukame ukija, majirani wanauliza kwa nini hawa watu wanaendelea kuchemsha tambi.

Ukavu huo wa mkoa ndio uliowafanya tangu zamani wale ngano. Mpunga unataka maji, ngano inavumilia. Walivuna mpunga, wakapanda ngano kipindi cha baridi.

#5 KijanaWaKisumu
@Fundi_Maji hapo sawa, nimeelewa. Lakini bado nasema maji yana mchango. Maji ya Osaka nayo ni laini na udon ya Osaka ni laini.

#6 Fundi_Maji
Udon ya Osaka ni laini kwa sababu watu wa Osaka wanaipenda laini. Kwao bwana mkubwa ni mchuzi, tambi inamfuata.

#7 MkulimaNjombe
Salaam. Mimi nalima ngano, naongea upande wangu. Mtoa mada, ukienda tena waulize unga wao unatoka wapi. Watakujibu Australia.

Sitanii. Ngano ya Kagawa iliporomoka miaka ya 1960. Mwaka 1963 mvua zisizo na mwisho ziliharibu mavuno, wakulima wakaacha, wasagishaji wakaanza kununua nje. Ile iliyowakaa mkononi kuliko zote ni ngano ya tambi ya Australia Magharibi. Wanga wake una amilosi kidogo, ile sehemu ya wanga isiyonata, kwa hiyo unavimba vizuri kwenye maji ya moto na kuwa na mvuto ule wa kunata. Hiyo ndiyo *koshi* aliyoisifia mtoa mada.

Mkoa uliona aibu, ukazalisha mbegu yake, Sanuki no Yume 2000, maana yake Ndoto ya Sanuki. Harufu nzuri, lakini wapishi walilalamika kwamba donge lake linakatika. Wakaiboresha, ikaja ya 2009. Inatumika, lakini Australia bado ndiyo inabeba mzigo.

#8 DadaMwanza
Yaani watu wanasafiri nusu dunia kwenda kula "chakula cha asili" na unga ni wa Australia? Nimevunjika moyo jamani.

#9 Bi_Shufaa
@DadaMwanza usivunjike moyo mwanangu. Huku Unguja pilau tunaipika kwa mchele wa Pakistan na hakuna mtu anayesema si pilau yetu. Chakula ni mkono.

Mimi naoka mkate na nasukuma chapati mwaka wa thelathini huu. Nasema jibu ni KULAZA UNGA. Chapati ukiikanda ukaisukuma hapo hapo inakurudia kama mpira. Ukiilaza inatii. Mtoa mada, hao wazee donge wanalilaza muda gani?

#10 Mwana_Uluguru
Shikamoo Bi Shufaa. Pale nilipokula waliniambia linalala usiku kucha.

#11 BahariaWaKizingo
Hamjambo nyote. Bi Shufaa amegonga penyewe, lakini hajataja miguu.

Meli yetu ilipandishwa chelezo Sakaide, Kagawa, tukakaa wiki tatu. Kule kuna kiwanda kikubwa cha kuunda na kutengeneza meli. Karibu na lango kulikuwa na kibanda cha udon, kinafunguliwa alfajiri kwa ajili ya wafanyakazi. Nikawa naenda kila siku kabla ya zamu, mpaka mwenye kibanda akanizoea, akanipitisha nyuma.

Nyuma nikamkuta mkewe amesimama juu ya donge. Limefungwa ndani ya plastiki nene, juu pana mkeka, yeye ana soksi safi. Anakanyaga kwa kisigino, anazunguka taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Likitandazika analifungua, analikunja mara tatu, analifunga, anapanda tena. Nilihesabu mizunguko minne. Kila mzunguko donge linabadilika sura. La kwanza lilikuwa na mikwaruzo kama kisigino cha mtu aliyelima, la mwisho linang'aa kama sikio la mtoto.

Akaniambia niguse. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likarudi polepole sana. Akacheka, akasema neno ambalo mwenzangu alinitafsiria: "Bado, ana usingizi."

#12 DadaMwanza
MIGUU?! Hapana. Hapana kabisa. Nimeghairi safari ambayo hata sikuwa nimepanga.

#13 BahariaWaKizingo
Dada, kuna plastiki katikati, mguu haugusi unga. Na maduka mengi siku hizi yana mashine inayoiga mguu. Donge la udon ni gumu, maji yake ni machache kuliko ya chapati. Mkono unachoka kabla halijalainika. Uzito wa mwili mzima unalibana bila kulichana.

#14 Bi_Shufaa
Kwa mguu nimekubali. Hata kwetu zamani vitu vingi vilikanyagwa, mtu hakuuliza. DadaMwanza anakula dagaa waliokaushwa mchangani, leo anaogopa soksi safi 😂

#15 DadaMwanza
Bi Shufaa siku hizi tunaanika kwenye chanja bwana! Tuheshimiane.

#16 Mpishi_Muscat
Assalaam alaykum. Nafanya kazi jikoni hotelini hapa Muscat, na niliwahi kufundishwa na mpishi wa Kijapani. Naongeza jambo ambalo hamjaligusa: CHUMVI.

Udon ina vitu vitatu tu, unga, maji, chumvi. Hakuna yai. Sanuki walikuwa na msemo wa kupimia maji ya chumvi: *dosan kanroku*. Kiangazi, kipimo kimoja cha chumvi kwa vitatu vya maji. Baridi, kimoja kwa sita. Joto linalegeza donge, chumvi inalikaza, kwa hiyo jua likizidi unazidisha chumvi. Mpishi wa zamani hakuwa na kipimajoto, alikuwa na huo msemo na kiganja chake. Chumvi nyingi inatoka wakati wa kuchemsha, ndiyo maana huisikii mdomoni. Na pwani ile ya Sakaide ilikuwa na mashamba makubwa ya chumvi zamani, kwa hiyo haikuwa bidhaa ya kuhangaikia.

Kuna hata kanuni. Ukitaka kuandika kwenye pakiti ya udon mbichi kwamba ni "Sanuki udon halisi ya kwao", sharti itengenezwe ndani ya Kagawa, kwa mkono au kwa mtindo wa mkono, maji yasipungue asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi isipungue asilimia 3, na ilale saa 2 au zaidi. Bi Shufaa, jibu lako hilo hapo, kulaza kumeandikwa.

#17 Mwana_Uluguru
@Mpishi_Muscat shukrani sana. Sasa mbona duka la mtaani kwetu Okayama limeandika Sanuki?

#18 Mpishi_Muscat
Neno "Sanuki udon" peke yake limekuwa jina la mtindo, mtu yeyote anapika. Kanuni inakamata wale wanaodai ni ya kwao hasa. Hata ile kampuni kubwa yenye maduka dunia nzima, Marugame Seimen, imebeba jina la mji wa Marugame ulioko Kagawa, lakini ilianzia mkoa wa Hyogo mwaka 2000. Simlaumu mtu, nasema tu jina linasafiri kuliko donge.

#19 KijanaWaKisumu
Kumbe! Miaka yote nilijua ni ya Kagawa. Nimewaambia watu wengi sana uongo.

#20 Mwalimu_Sengo
Naomba nichangie historia kidogo. Asili yenyewe ni ya mtawa Kukai, aliyezaliwa Sanuki mwaka 774, pale Zentsuji. Alikwenda Uchina mwaka 804, akarudi 806, na ndiye aliyeleta udon. Yeye pia ndiye anayefuatwa na mahujaji wa hekalu 88 za Shikoku.

#21 Fundi_Maji
Mwalimu, hiyo ni hadithi ya mapokeo. Hakuna andiko la wakati wake linalosema alileta tambi. Kilicho hakika kuhusu Kukai na Kagawa ni bwawa: mwaka 821 alisimamia ukarabati wa bwawa la Manno, na bado linamwagilia mashamba mpaka leo. Mzunguko wake ni kama kilomita 20. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko udon.

#22 Mama_Hakata
Wa Kagawa watulie kidogo. Mimi nimeolewa Fukuoka. Hapa kuna hekalu la Joten-ji, na uwanjani pana jiwe limeandikwa kwamba hapa ndipo udon na soba, tambi nyingine za Kijapani, zilipoanzia. Aliyeanzisha hekalu, mtawa Enni, alirudi kutoka Uchina mwaka 1241 na mbinu za kusaga unga. Na udon ya huku ni LAINI, mtoto asiye na meno anaila, na tunaipenda hivyo hivyo. Ise nako wana udon nene inayochemshwa karibu saa nzima, mahujaji waliochoka waliliwa nayo tumbo. Kukaza si lazima.

#23 Bi_Shufaa
"Mahujaji waliliwa nayo tumbo"? Mwanangu umeandika nini hapo?

#24 Mama_Hakata
Nilitaka kuandika haikuwasumbua tumbo, samahani Bi 😂 Miaka kumi na minne bila mtu wa kuongea naye Kiswahili nyumbani.

#25 Mwalimu_Sengo
Nakubali marekebisho ya Fundi_Maji kuhusu Kukai. Lakini kuna ushahidi mwingine wa macho. Kotohira, kwenye hekalu kubwa la Konpira, kuna mchoro wa kukunjwa wa enzi za Genroku, yaani 1688 hadi 1704, unaoonyesha sikukuu ya pale. Ndani yake yamechorwa maduka ya udon, na mtu anakanda unga. Kwa hiyo walau miaka 300 iliyopita mtu alikuwa anapanda Konpira na kushukia bakuli. Ngazi 785 mpaka ukumbi mkuu, 1,368 ukifika wa ndani. Nimezipanda. Udon niliyokula baada ya kushuka sijapata kula nyingine kama hiyo maisha yangu.

#26 KijanaWaKisumu
Mwalimu hapo umejibu swali la mtoa mada bila kujua. Siri ni ngazi 785. Ni njaa!

#27 Mwana_Uluguru
@KijanaWaKisumu mimi sikupanda ngazi yoyote, nilitembea dakika ishirini kwenye mpunga. Njaa ilikuwepo lakini si ya kunidanganya.

#28 Ndagala_Buja
Amahoro bandugu. Nawasoma kutoka Bujumbura. Mmeongea unga tangu asubuhi, hakuna aliyeongea mchuzi. Mchuzi huo wa bombani ni wa nini?

#29 BahariaWaKizingo
Nilikuwa nasubiri mtu aulize! Ni DAGAA.

Wanaitwa *iriko*, na wale wanaosifika wanatoka kisiwa cha Ibuki, upande wa Kan'onji. Wanavuliwa kiangazi, mashua ya mbio inawakimbiza ufukweni, na mtambo wa kuchemshia uko pale pale kwenye maji. Wanatoswa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, wanakaushwa. Mpishi anawatoa kichwa na tumbo kwa sababu ya uchungu, anawaloweka usiku pamoja na mwani mkavu uitwao *kombu*, asubuhi anapasha moto taratibu. Kinachotoka ni maji ya rangi ya dhahabu. Yule mwenye kibanda Sakaide alikuwa na gunia la dagaa mlangoni. Siku ya kwanza nilipolisikia harufu nilidhani nimefika Kongowea sokoni.

Tokyo wanaegemea samaki mkavu wa kuparuza na mchuzi wao ni mweusi. Kwa hiyo mtoa mada, hata ukibeba donge la Sanuki ukalichemshia Tokyo, ukimwagia mchuzi wa Tokyo, si hiyo tena.

#30 Ndagala_Buja
Ndagala! Basi hao ni ndugu zetu. Nitajaribu na ndagala wa Tanganyika.

#31 Samaki_Data
Ngoja niwatenganishe hao ndugu. Dagaa wa Kigoma na Bujumbura ni jamii ya sadini wa maji baridi. Dagaa wa Mwanza, omena kwa Wakenya, hata sadini si, yumo kwenye kundi la samaki aina ya kapi. Iriko ni dagaa wa baharini, na ndugu yake wa karibu huku kwetu ni dagaa mchele wa Unguja na Kilwa. Na huyo dagaa mchele anatayarishwa karibu sawa sawa na iriko, anachemshwa kwenye maji ya chumvi, anaanikwa. Wengi wanakwenda Kongo.

#32 Bi_Shufaa
Dagaa mchele ninao ndani nusu kilo. Nitajaribu Jumapili nikijaliwa.

#33 Abu_Najma
Assalaam alaykum. Nitakuwa Osaka mwezi wa sita kikazi na nina siku tatu za mapumziko. Je, Mwislamu anaweza kula huko? Ramen, zile tambi zao za supu, nimekatazwa kwa sababu ya mifupa ya nguruwe.

#34 Mpishi_Muscat
Wa alaykum salaam. Udon ni nafuu kuliko ramen, mchuzi wake kwa kawaida ni samaki na mwani. Lakini usiseme basi ni halali moja kwa moja. Mchuzi unakolezwa kwa soya, na mara nyingi hutiwa *mirin*, ambayo ni pombe tamu ya mchele. Tempura nayo uliza mafuta yamekaanga nini kabla ya yako.

Tambi zenyewe ni unga, maji na chumvi. Mimi nilipokuwa kule niliomba *kamaage*, zinazotolewa moja kwa moja kwenye sufuria bila kusuuzwa, nikavunjia yai bichi, nikatia mchuzi wangu wa soya niliobeba mfukoni, wenye alama ya halali. Ukichanganya haraka, yai linaivia kwenye joto la tambi na kuzivika kama mafuta ya samli. Hiyo wanaita *kamatama*, na inasemekana ilianzia duka la Yamagoe, mji wa Ayagawa. Sikuona kwamba nimekosa kitu.

Mambo ya fatwa sitagusa, kila mtu amuulize anayemwamini.

#35 Abu_Najma
Allah akulipe. Na usafiri?

#36 KijanaWaKisumu
Hapa nisaidie mimi. Osaka hadi Okayama kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kisha Marine Liner anayoipanda mtoa mada. Kuna pia basi la moja kwa moja, linapitia Awaji, ni bei nafuu. Anayetoka Tokyo kuna Sunrise Seto, treni ya usiku yenye vitanda, unalala Tokyo unaamkia Takamatsu wakati maduka yanafunguliwa. Usichelewe! Maduka mengi yanafunga mchana, na donge likiisha wanashusha pazia hata kama ni saa tano. Watu wanakula bakuli dogo dogo, wanazunguka maduka matatu manne kabla ya adhuhuri.

Na kama huna gari, kuna teksi za udon zenye bakuli la bandia juu ya paa, dereva amefanya mtihani wa udon. Sitanii.

#37 Mwana_Uluguru
Na uwanja wa ndege wa Takamatsu kuna bomba linalotoa mchuzi wa udon. Rafiki yangu amelinywa.

#38 Baba_Mapacha
Wakuu, wazee wanasema zamani watu walikuwa wanavuka kwa feri ya reli kutoka Uno, bandari ya upande wa Okayama, kabla daraja la Seto halijafunguliwa 1988. Kwenye sitaha kulikuwa na duka la udon. Bosi wangu wa kazini, mzaliwa wa Marugame, aliondoka kwao akiwa na miaka 18. Ananiambia safari ya kurudi nyumbani ilikuwa inaanzia pale kwenye bakuli la sitahani, upepo unapiga, chenga za tempura zinapeperuka. Anakiri haikuwa udon nzuri, ilikuwa imelala imechemshwa. Lakini mpaka leo akiielezea anaacha kalamu mezani.

Mimi nadhani hapo ndipo ilipo siri, kula mahali pake.

#39 MkulimaNjombe
Baba Mapacha umesema vizuri, lakini mtoa mada si wa Marugame. Ni mtu wa Morogoro, hakuwa na nyumbani pa kukumbuka kwenye lile bakuli. Alichosikia ni cha mdomoni. Mimi bado nashika ngano.

#40 Mpishi_Muscat
Kuna moja tumelisahau, MUDA. Udon ikitoka kwenye maji ya moto inasuuzwa kwa maji baridi, na pale imefika kileleni. Maji ya nje yanaanza kuingia ndani, baada ya robo saa au nusu saa imeshuka. Duka la Kagawa linauza mamia ya mabakuli asubuhi moja, sufuria halipumziki, kwa hiyo kila mtu anapata iliyotoka sasa hivi. Duka la mji mwingine lenye wateja kumi linachemsha mapema na kuhifadhi. Unga ule ule, mkono ule ule, tambi imelala.

#41 Dubai_Mlima
Mimi sipo Japani wala sijafika. Nanunua udon ya barafu hapa Dubai na ina mvuto sana! Mpishi utasemaje?

#42 Mpishi_Muscat
Geuza pakiti usome viungo.

#43 Dubai_Mlima
Nimesoma. Unga wa ngano, chumvi, wanga wa tapioka. Tapioka si ndiyo muhogo?

#44 Mpishi_Muscat
Ndiyo. Huo mvuto wako ni muhogo. Nzuri na naila mwenyewe, lakini inavuta tofauti, kama ulimbo. Ile ya duka inavuta halafu inakatika safi.

#45 Bi_Shufaa
Nimerudi. Jumapili nimefanya kama nilivyoahidi. Dagaa mchele nimewatoa vichwa na matumbo mmoja mmoja, kazi ya saa nzima na mjukuu akinisaidia. Kombu sina, sikutia kitu badala yake. Nimewaloweka usiku, asubuhi moto mdogo, nikachuja kwa kitambaa. Rangi ilikuwa ya dhahabu kama Baharia alivyosema.

Unga nimetumia wa chapati, gramu 500. Maji 220, chumvi 25 kwa sababu ya joto letu. Nimelikanyaga. Donge nimelilaza saa nne. Nimekata kwa kisu, nene kidogo. Nimechemsha robo saa, nikasuuza.

Mchuzi: mzuri, umenishangaza, mzee wangu amekunywa vikombe viwili. Tambi: zimekaza lakini zinakatika, hazivuti. Mdomoni zinakaa kama mkate wa jana.

#46 MkulimaNjombe
Si nilisema! Unga. Wa chapati hauna wanga ule.

#47 BahariaWaKizingo
Bi, ulikanyaga mizunguko mingapi?

#48 Bi_Shufaa
Miwili. Goti lilikataa.

#49 BahariaWaKizingo
Basi ni miguu. Mwambie mjukuu akanyage minne.

#50 Fundi_Maji
Maji ya bomba au ya kisima? Kisima cha mjini Unguja kina chokaa.

#51 KijanaWaKisumu
@Fundi_Maji kumbe sasa ni maji? 😂😂 Post namba 3 inakusubiri.

#52 Mwana_Uluguru
Bi Shufaa, naenda tena tarehe 2 Julai. Kule ni siku ya udon, zamani wakulima walikula wakimaliza kupandikiza mpunga. Abu Najma kama bado utakuwepo, tukutane kituo cha Takamatsu saa mbili asubuhi. Nitanunua kilo moja ya unga wa pale dukani nimtumie Bi Shufaa, akande na mjukuu wake, mizunguko minne, maji ya bomba. Halafu aturudie hapa.

#53 Bi_Shufaa
Nitumie na hiyo kombu.